Niguse Kiwiko

Nimestaafu nikiwa na macho mazuri na magoti yanayoridhisha. Ndiyo maana vijana wa kampuni wakinikuta Karatu siku ya mnada hawanielewi. "Mzee Bura, darubini bado unaimudu, kilima bado unakipanda, sasa umeacha kwa nini?" Nimeacha kwa sababu ya masikio. Kazi yetu, kwa wasioijua, ni kuwatafutia wageni ndege wa porini, kuwatambua, na kumweka mgeni mahali ambapo kamera yake inaweza kumpata ndege akiwa ametulia. Watu wanafikiri ni kazi ya macho. Macho yanakuja baadaye. Ndege mdogo aliyejificha kwenye majani unamsikia kwanza, ndipo unajua pa kutazama, na mara nyingi ukishamsikia umeshamjua hata kabla hajajitokeza. Mwongozaji asiyesikia anaweza kupita chini ya ndege kumi akatangaza kwamba msitu hauna kitu. Mimi habari za masikio yangu nilizipata kwa kuguswa kiwiko, na ili mnielewe inabidi nianze na Mzee Tluway.

Mzee Tluway ndiye aliyenipokea kazini. Alikuwa mtu wa Mbulu, mrefu, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Wenzake wote waliishi kwa simba na faru, yeye peke yake aliishi kwa ndege. Siku ya kwanza hakunipeleka hifadhini. Alikuja nyumbani kwetu Endamarariek, tukatembea kando ya mashamba, akasema anataka kunipima.

Akanyoosha kidole kwenye ua wa minyaa. "Yule nani?"

"Mwizi wa mtama."

"Na yule pale chini?"

"Huyo anafukua mahindi yakishapandwa."

"Na lile kundi?"

"Hao ni wa ngano, mzee. Hao ndio wabaya kuliko wote."

Utoto wangu niliumalizia juu ya kichuguu na kombeo mkononi, nikiwafukuza. Sikuwa najua kwamba ndege anaweza kuwa na jina lisilotokana na zao analoiba. Mzee Tluway hakucheka. Alisema kwamba mtu aliyewachukia ndege kiasi hicho angalau amewatazama, na kwamba wale wanaokuja kwake wakisema wanawapenda ndege huwa hawajui hata mmoja. Nikaajiriwa kwa chuki yangu.

Alinipa masharti mawili. La kwanza lilikuwa la kamera: piga picha kwanza, ushangae baadaye, na ukishapata picha nzuri piga na mbaya. Alimaanisha mgongo, mkia, miguu na kwapa la bawa. Kifua cha rangi kila mtu anakipiga, lakini ndege wengi wanafanana vifua, na jioni mezani, kitabu kikiwa wazi, ni mguu au ncha ya mkia ndivyo vinavyomaliza ubishi. Vijana, kamera zenu siku hizi zinapiga picha nyingi kwa kupumua tu, kwa hiyo hamna kisingizio. Sisi tulikuwa na filamu, na filamu ilisafishwa Arusha, na ndege uliyemwona mwezi huu ulimtambua mwezi ujao.

Sharti la pili lilikuwa hili: "Ukisikia kitu, usiseme. Niguse kiwiko, kisha onyesha kwa kidole ilikotoka sauti. Basi."

Nililichukua kuwa ni adabu ya porini. Maneno yanafukuza ndege, na yanawaamsha wageni, ambao wakianza kuuliza hawanyamazi. Nikawa ninatembea nyuma yake kidogo, upande wa kulia. Nikisikia chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, akilia kando ya njia, namgusa, naonyesha. Mzee anainua darubini taratibu, anatulia, halafu anawaambia wageni, "Pale. Tawi la pili." Wageni wanapumua kwa mshangao. Wanasema mzee huyu ana masikio ya ajabu. Yeye anaitikia kwa kichwa tu, wala hasemi kwamba ni kijana aliyeko nyuma aliyesikia. Nilikuwa ninanuna. Niliona ananinyang'anya ndege wangu mchana kweupe, na nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba yule mzee ana maringo.

Lakini alikuwa ananifundisha, hilo sikatai. Chukueni kidenenda. Ni ndege mdogo, wa kahawia, mwenye michirizi, anayekaa kwenye nyasi. Kuna videnenda wa aina nyingi, na karibu wote ni wadogo, wa kahawia, wenye michirizi, wanaokaa kwenye nyasi. Aliyewaumba alikuwa na nia yake. Unaweza kuwa na picha kumi safi za kidenenda na bado watu wazima wakagombana juu yake chakula kikipoa. Anayewatenganisha ni sauti: huyu anakereza, yule anapiga filimbi, mwingine anaimba na mkewe kwa kupokezana. Mzee Tluway aliniketisha kwenye nyasi za ukingo wa kreta asubuhi baada ya asubuhi, akanitaka niige kila sauti kwa mdomo wangu, karibu yake, huku akinitazama usoni. "Tena," anasema. "Kwa nguvu." Nilidhani ndiyo njia yake ya kufundisha.

Kule chini kretani tulikuwa kichekesho. Ndani ya kreta hushuki garini ila sehemu zilizoruhusiwa, kwa hiyo unategemea redio koli. Redio inasema sharubu, yaani simba, wako karibu na msitu, magari yote yanageuza, vumbi linapanda, na sisi tunabaki wenyewe kando ya bwawa tukimsubiri ndege wa kahawia ageuke aonyeshe mkia. Dereva mmoja alikuwa akipita anapunguza mwendo na kuuliza, "Mzee, mmepata kuku?" Mzee Tluway anamjibu, "Tunasubiri atage." Kusema kweli, vumbi la simba lilitusaidia. Magari yakiondoka, korongo taji wawili wanarudi majini, heroe wanasogea ukingoni mwa magadi, na mgeni anapata picha ambayo hana wa kugombania naye nafasi.

Kifaa chetu kikuu, mbali na darubini, kilikuwa mfuko. Unachukua mguu mmoja wa suruali ya jinzi iliyochoka, unashona ncha moja, unajaza ngwara, zile mbegu jamii ya maharage, unashona nyingine. Unauweka dirishani, lenzi nzito inalala juu yake na haitikisiki. Wengine wanajaza mchanga, lakini mchanga ni mzito na unaingia kwenye lenzi. Wengine wanajaza maharage, lakini kwetu maharage ni chakula na ngwara ni ya kuuza, kwa hiyo tulijaza ngwara ili tusitamani. Joakimu, mpishi wetu, hakutoka kwetu. Tulikuwa Digodigo, tumeweka kambi karibu na mifereji ya umwagiliaji, mahali pazuri sana kwa ndege wa majini na wa mashambani kwa pamoja. Mvua ilikata barabara, gari la chakula likakwama huko nyuma. Joakimu hakumwambia mtu. Tuliporudi mchana tukakuta chakula, tukala, tukasifia. Baada ya kula mgeni akauliza mfuko wake uko wapi. Ule mguu wa suruali ulikuwa umeanikwa kwenye kamba, umefuliwa na kunyooshwa. Mzee Tluway alitazama sahani yake kwa muda, akasema afadhali darubini ni ngumu kuiva. Picha za Digodigo zote zina ukungu wa mkono uliotikisika, na ndivyo nilivyojifunza kubeba mfuko wa pili na kuufungia ndani ya begi la nguo.

Tulifika mbali. Vilima vya Samunge tulitembea na mbuzi wa watu, kwa sababu mbuzi wakiparamia kichaka wadudu wanaruka, na ndege wanawafuata wadudu. Ziwani Eyasi tulijifunza kupiga picha jua lisipokuwa utosini, maana chumvi inarudisha mwanga na kumfanya kila ndege awe mweusi. Na ukingo wa kreta ulitufundisha baridi. Msiilaze kamera jikoni karibu na moto kwa kuihurumia. Ukiitoa asubuhi kwenye ukungu, lenzi inatoka jasho, na ndege bora wa siku anakuja wakati wewe unafuta kioo kwa shati. Kamera ilale baridi kama mnavyolala nyinyi.

Kulikuwa na ndege mmoja tu ambaye Mzee Tluway hakumpenda. Ni mdogo, wa kijivu, anayekaa juu kabisa ya miti ya msitu wa ukingoni, kwenye migunga yenye ndevu za kijani. Sauti yake ni nyembamba mno, inachoma. Sisi tulimwita Sindano. Kila nilipomgusa kiwiko kwa ajili ya Sindano, mzee alitikisa kichwa. "Yule hajui kuimba," alisema. "Yule ni wa kuona tu." Nikashangaa, kwa sababu Sindano anaimba kuliko wengi. Miaka ikapita, mzee akastaafu, akaniachia darubini yake, akarudi Mbulu na akafia huko. Kwenye msiba mkewe alizungumza kwa sauti kubwa kuliko wote, na nikadhani ni uchungu.

Mimi nikaendelea, na masharti yote mawili nikayashika. Kila niliyemfundisha nilimwambia aniguse kiwiko. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Ndivyo kazi ilivyofanywa.

Mwishoni mwa miaka yangu kampuni ilinipa Naserian. Anatoka Nainokanoka, juu huko kwenye baridi, ametoka chuo akiwa na cheti na bado ana miguu ya kuchunga ndama. Alinisalimia kwa kuinamisha kichwa, nikamgusa utosini, tukaanza vizuri. Ndege alikuwa anawajua kwa ng'ombe: huyu anafuata kundi, huyu anakaa mgongoni, huyu akilia ujue chui yuko karibu na zizi. Nikakumbuka wezi wangu wa mtama, nikafurahi. Nikampa sharti la kwanza, akalikubali. Nikampa la pili, akalikataa.

"Mzee, hiyo siwezi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwetu mtoto hamgusi mzee. Mzee ndiye anamgusa mtoto."

"Sasa utaniambiaje ukisikia?"

"Nitakohoa."

"Na ndege je, hawasikii kikohozi?"

Akafikiri. Ukingoni kunanyesha bila taarifa, kwa hiyo alikuwa anatembea na mwavuli wa kufunika kamera. Tukakubaliana aniguse kwa ncha ya mwavuli. Basi nikawa mzee anayechokolewa na mwavuli mbele ya wageni, na dereva wetu alifurahia jambo hilo kupita kiasi.

Siku yenyewe mgeni wetu alikuwa Bibi Griet, Mholanzi, mtu mzima kuliko mimi, anayekuja nchi hii mara kwa mara tangu akiwa na nywele nyeusi. Alikuwa ameshawapiga picha ndege wa pwani, wa Usambara, wa Ruaha, wa mabwawa ya magharibi. Sindano alikuwa amemkosa safari zote. Alisema hii ni safari yake ya mwisho, goti moja limeshakataa, na anamtaka huyu mmoja tu. Tukaingia msituni asubuhi, ukungu umelala kwenye matawi, askari wa hifadhi mbele na bunduki yake kwa ajili ya nyati, mimi, Bibi Griet, na Naserian nyuma yangu. Tukasimama chini ya migunga. Nikasikiliza kwa makini.

"Hapa pamekufa," nikasema. "Tushuke kule bondeni."

Mwavuli ukanigusa. Nikageuka, Naserian anaonyesha juu. Nikasikiliza tena. Nilisikia matone yanayodondoka kwenye majani na viatu vya askari. Nikatikisa kichwa, nikapiga hatua. Mwavuli tena.

"Nini?" nikamnong'oneza.

"Sindano."

"Huyo ni mdudu."

Akanitazama. Halafu akauegemeza mwavuli kwenye shina la mti, akaja upande wangu wa kulia, akanishika kiwiko kwa mkono wake. Hakukiachia.

"Mzee," akasema taratibu, "anaimba. Hajanyamaza tangu tufike."

Nikatazama uso wake nikajua anasema kweli, kwa sababu binti wa Nainokanoka hamshiki mzee mkono kwa ajili ya mdudu. Na papo hapo, nikiwa nimesimama kwenye ukungu, nikamwona Mzee Tluway. Nikaona kwa nini alinitaka upande wa kulia, nyuma kidogo. Nikaona kwa nini alinitazama mdomoni nilipoiga sauti, na kwa nini mkewe alipaza sauti hata msibani. Miaka yote ile hakuwa ananinyang'anya ndege. Alikuwa hawasikii. Mkono wangu kwenye kiwiko chake ndio uliokuwa masikio yake, na mimi nilikwenda nyumbani nikasema ana maringo. Angeniambia, nisingenuna hata siku moja. Lakini angemwambia nani, wakati huo, na kazi yote ya ndege Karatu ilikuwa imesimama juu ya masikio yake?

Niliogopa sana. Bibi Griet alikuwa ananitazama, anasubiri. Nilijua la kufanya, nilikuwa nimelishuhudia mara nyingi: inua darubini taratibu, tulia, sema "Pale." Naserian angenyamaza. Ningeweza kufanya kazi miaka mingi kwa mkono wake. Lakini nikajiona nikizeeka nikivizia vidole vya watu, na kila mgeni akisifia masikio yangu nikiitikia kwa kichwa. Nikaona siwezi.

"Bibi Griet," nikasema, "ndege wako yuko hapa juu yetu, na mimi simsikii. Nadhani nimeshaanza kuwa kiziwi wa sauti nyembamba. Binti huyu anamsikia. Mfuate yeye."

 Yule mama akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa glavu ili asimfukuze ndege.

"Hata mimi simsikii," akasema. "Simsikii tangu zamani. Unafikiri nimemkosaje safari zote hizo? Nimekuwa nikisubiri waongozaji wanionyeshe, na sikutaka kuwaambia kwa nini."

Hata askari alicheka. Naserian akanyoosha kidole kuelekea sauti ilikotoka, mimi nikapitisha darubini tawi kwa tawi, na kwenye kijiti kilichokauka juu kabisa nikamwona, mdogo, wa kijivu, kifua kinatetemeka. Macho yalikuwa bado yangu. Bibi Griet alipiga kifua, akapiga mgongo, akasubiri mpaka akapata mguu. Aliposhusha kamera machozi yalikuwa yanamtoka, na alisema ni baridi.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi hivyo, na wageni tuliwaambia asubuhi kabla ya chai: huyu anasikia, huyu anaona. Hakuna aliyelalamika. Sindano alikuwa wa kwanza kuninyamazia, wakafuata wale chozi wa maua, halafu baadhi ya videnenda. Kila mmoja aliponyamaza nilijua kwa mkono wa Naserian, ambao sasa haukuhitaji mwavuli.

Kilichonistaafisha ni kitu kidogo. Siku moja alinigusa, akaonyesha kichaka, mimi nikaanza kutafuta. Nikatafuta sana. Nilipomgeukia alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Bado, mzee."

Baadaye garini alinionyesha picha zake za asubuhi, na ndege yule alikuwemo, safi, amepigwa kabla hata sijainua darubini. Alikuwa amemwona zamani. Alikuwa anaangalia viatu ili mimi nimpate kwanza.  Ilinigusa sana, na pia ilinitosha, kwa sababu mtu anayesikia vile na kuona vile hapaswi kutumia asubuhi zake akinisubiri. Nilikwenda kwa meneja wiki hiyohiyo.

Mke wangu anasema nyumbani sasa nasikia ninachotaka tu, na kwamba hilo halikuanza na uzee.

Juzi Naserian alinipigia simu, akapaza sauti vizuri, akasema ana wageni ukingoni na gari lina nafasi. Nilikwenda. Ana mwanafunzi wake sasa, Emanueli, kijana wa Karatu mjini, mwenye miwani ya jua juu ya kofia. Tukaingia kwenye msitu uleule, ukungu uleule. Tuliposimama chini ya migunga nilimwona Emanueli, aliyekuwa nyuma yake kidogo upande wa kulia, akinyoosha mkono na kumgusa Naserian kiwiko. Naserian anasikia kila kitu, alikuwa ameshasikia kabla yake. Hakugeuka. Alinyoosha mkono wake, akanigusa na mimi kiwiko.

Nikainua darubini ya Mzee Tluway. Sindano alikuwa kwenye kijiti kilichokauka juu kabisa, mdomo unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga. Nilimtazama mpaka alipomaliza.